Madonge Matatu ya Bugali

Goli la tatu lilipita katikati ya miguu ya Thierry, likaingia polepole kama kuku anayejua njia ya bandani, na hapo ndipo Léontine alipoacha kuimba. Hakuacha kwa kupenda. Wimbo ulimkatikia njiani, na wanawake wa Kalembe waliokuwa nyuma yake, waliozoea kulidaka neno pale anapoliachia, wakabaki midomo wazi bila neno la kudaka. Ng'ambo ya uwanja, mashabiki wa Espoir ya Nyabiondo walikuwa wameshaingia katika wimbo mpya. Aliyeuanzisha ni mama mnene mwenye kitambaa cha njano kichwani, Solange jina lake, na maneno yake yalikuwa machache ili hata mlevi ayashike: golikipa ya Kalembe anashika kuku, hashike mupira.

Tangu Léontine aolewe Kalembe, Radi, timu ya kijiji, haikuwahi kufungwa tatu bila. Na golikipa aliyekuwa anaimbwa vile ni mume wake.

Faraja ilikuwa moja: wangeondoka jioni ileile. Mechi ya marudiano ingechezwa kwao, na aibu ya ugenini husafishwa nyumbani. Mashabiki wakapanda Fuso iliyowaleta, wachezaji wakakaa juu ya mifuko yao wakitazama viatu, dereva akawasha mota. Ndipo risasi ziliposikika upande wa mto, kwanza moja moja, halafu nyingi pamoja, kama mahindi yanayokaangwa. Nani alikuwa anapigana na nani, hakuna aliyeuliza. Siku kama hiyo watu wa milima hii huwa na swali moja tu, nalo ni: barabara itafunguliwa lini? Chifu akatuma neno kwamba gari lisivuke mto, pikipiki isivuke, hata mguu wa mtu usivuke. Dereva akazima mota.

Wakapewa madarasa ya shule ya msingi. Madawati yakasukumwa ukutani, mikeka ikatandikwa, na ubaoni maneno ya imla ya Ijumaa yakabaki yanawatazama. Sasa, watu wa Nyabiondo wana adabu: mgeni halali njaa, hata kama umemfunga. Kabla giza halijaingia, beseni za chakula zilifika, maharagwe na sombe ya majani ya mihogo na bugali. Lakini katika kila beseni bugali ulikuwa umeviringwa madonge matatu, yamepangwa mstari kama watoto wa shule.

"Moja kwa kila goli," akasema Solange, akiweka beseni ya kwanza mbele ya Thierry kwa magoti yote mawili, kama anayemhudumia askofu. "Ukimaliza ya tatu na ungali na njaa, Papa golikipa, sema tu. Tuko na zingine."

Hata wachezaji wa Radi walicheka. Thierry peke yake hakucheka wala hakula. Aligeukia ukuta, akajifunika koti mpaka kichwani.

Léontine alikula donge moja, kwa sababu mwenye kunyonyesha hasusi chakula. Mtoto wake, Plamedi, alikuwa Kalembe. Hapo ndipo palipokuwa na jambo lenyewe. Plamedi alikuwa ndiyo kwanza amejifunza kukaa bila kuegemezwa, na wiki ile kifua kilikuwa kinamkwaruza. Fuso haina paa, na mvua za msimu huu hazipigi hodi. Tena mwanzishaji wa nyimbo hawezi kuruka na mtoto mgongoni. Basi Léontine alimwachia mama mkwe wake, Mama Élisabeth, ambaye alimpokea mjukuu na kusema neno moja tu: "Mupira haina maziwa, Léontine." Léontine alijibu kwamba angerudi kabla mtoto hajaulizia titi la jioni.

Jioni ilipita. Ikaja nyingine.

Kila asubuhi dereva aliwasha mota, akaiacha ingurume kidogo ili betri isife, na kila asubuhi wanawake wote waliinua vichwa kutoka kwenye mikeka. Halafu akaizima. Watoto wa Nyabiondo walikuwa wameshaandika 3–0 kwa tope kwenye mlango wa Fuso, na mvua ilipofuta, waliandika tena. Baadhi ya wanaume walijaribu njia za miguu, zile zinazopita katikati ya mashamba ya mihogo hadi mtoni, wakarudishwa na watu wenye bunduki ambao hawakutaka kujua habari za mpira. Ukitoka darasani unafika uwanjani. Ukitoka uwanjani unafika chemchemini. Ukitoka chemchemini, ni kurudi darasani. Huo ndio ulimwengu ulivyokuwa.

Na chemchemini alikuwepo Solange. Alikuja asubuhi na ndoo yake, na mara tu wanawake wa Kalembe walipotokea, aliinua wimbo wa kuku, taratibu, kama anayejiimbia mwenyewe tu. Hakuwa na chuki. Wimbo ulikuwa mzuri, naye aliujua uzuri wake, na mtu mwenye nguo mpya ataivaa hata kwenda shambani.

Matiti ya Léontine yalijaa mpaka yakawa magumu kama maparachichi mabichi, na homa ikampanda. Alikamua kwa mkono nyuma ya choo cha shule, juu ya jani la mgomba, kwa maana maziwa ya mtoto hayamwagwi chini watu wakayakanyaga. Siku za kwanza yalitoka kwa nguvu. Baadaye yakatoka kwa kubembelezwa. Halafu asubuhi moja aliamka hana maumivu, matiti yamelainika, na badala ya kufurahi aliogopa kuliko siku zote. Mkono si mdomo. Maziwa yalikuwa yameanza kuelewa kwamba hakuna mtoto.

Kwenye kilima nyuma ya kanisa simu hushika mtandao, inapotaka. Alipanda akampigia Mama Élisabeth. Mama mkwe hakumlaumu, na hilo lilimuuma zaidi ya lawama. Alisema uji anautema. Alisema anakula ndizi kidogo. Alisema kila mlango unapofunguliwa, mtoto anageuza kichwa. Léontine akauliza kama anaweza kupita porini kwa miguu, yeye na wanawake wawili watatu.

"Mwanangu," akasema Mama Élisabeth, "niletee mama ya huyu mutoto muzima. Ukawie, lakini ukuye muzima. Na ukuye na maziwa."

Ukuye na maziwa. Alishuka kilima na neno hilo kama mtu aliyebebeshwa mtungi uliojaa, na njia inateleza.

Kesho yake chemchemini hapakuwa na wimbo. Solange alikuwa ameinama juu ya ndoo, na mgongoni mwake, ndani ya kitenge, mtoto alikuwa analia. Si kilio cha nguvu. Kilikuwa kilio kilichokauka, cha mtoto ambaye ameshalia sana na sasa anaendelea kwa mazoea. Léontine alisimama. Hakufikiri lolote, mwili ulifikiri kwa niaba yake. Maziwa yaliyokuwa yamemkimbia yakashuka yote kwa pamoja, yakalowanisha blauzi mbele, alama mbili za mviringo, na wanawake wote wakaziona.

Solange naye aliziona. Akaweka ndoo chini.

Mtoto aliitwa Valérie, mjukuu wake. Mama yake, Gentille, siku ya mechi alikwenda soko la Masisi na maharagwe, akamwacha mtoto kwa bibi kwa sababu ya mvua, akisema angerudi kabla filimbi ya mwisho. Barabara ya upande ule nayo ilifungwa. Siku za kwanza mtoto alikubali maziwa ya mbuzi, sasa anayatema. Solange alieleza haya yote akitazama pembeni, yeye aliyezoea kumtazama kila mtu usoni. Aliuliza kwa sauti ya chini kama Léontine alipimwa damu kule maternité, kliniki ya wazazi. Léontine akasema alipimwa, mara zote, na kadi yake ni safi.

"Mwiko unaujua?" Solange akauliza.

"Ninaujua."

"Basi ufikiri kwanza. Na mimi nitafikiri." Akajitwisha ndoo. "Ju niko na wimbo muzuri sana."

Mwiko wenyewe ni wa zamani. Makanisa yaliukuta, na mapadri na wachungaji waliuacha ulivyo. Mwanamke akinyonyesha mtoto wa nyumba nyingine, kuanzia siku hiyo hawezi kuitukana nyumba ile, wala nyumba ile haiwezi kuitukana ya kwake. Atakayetukana anatukana maziwa, na maziwa yaliyotukanwa hukauka. Nani angependa kujaribu aone? Ndiyo maana wanyonyeshaji wa Nyabiondo, majirani wa kila siku na wa kila ugomvi, hawakuthubutu kumpa Valérie titi. Na nyimbo za mpira, tuseme ukweli, ni matusi yaliyovishwa nguo ya Jumapili. Zile za Radi zilisema watu wa Nyabiondo wamejaa maharagwe mpaka wanakimbia kwa kusukumwa na upepo. Mfungaji wa Espoir ni kitindamimba wa Solange. Mwimbaji wa Espoir ni Solange mwenyewe. Ukiitoa nyumba ile, Espoir inabaki na nani wa kutukanwa? Mwamuzi?

Habari ilifika darasani kabla Léontine hajafika. Papa Léopold, prezida wa mashabiki, mzee aliyewahi kwenda kwa miguu mpaka Walikale kuitazama Radi ikifungwa, alikuwa amekaa juu ya dawati akimngoja. Hakumfokea. Alimweleza kama baba: tumefungwa tatu, tumekwama hapa, vijana wamevunjika moyo, na kitu pekee tutakachorudi nacho nyumbani kabla ya marudiano ni sauti yake. Léontine akasema anaweza kuimba bila tusi. Papa Léopold akamtazama kwa huruma.

"Mama Plamedi, wimbo bila tusi ni sala. Tuko naenda kanisani ao ku mupira?"

Watu wakacheka, na Léontine naye akacheka kidogo, kwa kuwa ilikuwa kweli. Lakini Thierry aligeuka kutoka ukutani. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kuonyesha uso. Ndevu zilikuwa zimemwota ovyo.

Alimwambia watoke nje. Wakasimama kando ya Fuso, karibu na ile 3–0 ya tope. Thierry alikuwa anakwangua namba kwa ukucha.

"Ile siku," akasema, "wakati ulinyamaza, njo nilijua tumekwisha. Goli ya tatu ilikuwa imeingia tayari, lakini mimi niliona tumekwisha wakati ulinyamaza. Sasa ku marudiano, bale bataniimbia kuku mbele ya mama yangu. Na wewe utakuwa kimya. Mimi nitasimama pale na nini?"

Léontine alimtazama mikono. Ilikuwa mikubwa, yenye makovu ya panga na ya mpira, mikono iliyompokea Plamedi kwa woga siku ya kwanza kama iliyopewa moto. Alimhurumia. Angeweza kumwambia kwamba mwiko unafunga pande zote mbili, lakini hilo halikumjia kichwani hata kidogo; kichwani mlikuwa na mtoto anayegeuka kila mlango unapofunguliwa.

"Wewe uko na mikono miwili," akasema. "Plamedi iko na mimi tu. Nikifika pale mukavu, nitamwambia nini, ya kwamba nilitunza wimbo?"

Thierry aliendelea kukwangua tope, na Léontine akamwacha hapo.

Nyumbani kwa Solange walimpa kiti cha mgeni na maji ya kunawa. Valérie alikuwa mwepesi, mwepesi kuliko Plamedi alivyokuwa katika umri ule. Alitafuta, akakosa, akatafuta tena, halafu akashika kwa nguvu iliyomtoa Léontine machozi. Alifumba macho ili ajidanganye kwamba ni wake. Haikuwezekana. Plamedi akinyonya hukamata kidole na kukikunja. Huyu alikamata kola ya blauzi na kuning'inia kama abiria wa Fuso. Léontine akafumbua macho. Basi, akamwambia kimoyomoyo, nyonya wewe uliye hapa, uniwekee njia wazi. Solange alisimama mlangoni na kiganja mdomoni. Hakuna aliyesema asante. Kwa jambo kama hilo asante ni neno dogo, linaangukia pembeni.

Jioni beseni zilipokuja, zilikuja na Solange mwenyewe, na mbele ya Thierry aliweka ile ya kwanza. Ndani yake bugali ulikuwa donge moja, kubwa, limelainishwa juu kwa kiganja chenye maji.

Thierry alilitazama donge lile muda mrefu. Darasa zima lilitazama naye. Papa Léopold alikohoa. Nje, watoto waliokuwa wamemfuata bibi yao walianza, golikipa ya Kalembe anashika, na Solange akageuka na mwiko wa kupikia mkononi.

"Hapana ile," akawaambia. "Ile imekwisha. Muimbe ya kanisa."

Halafu akamgeukia Thierry, akafungua mdomo, na kila mtu aliona kwamba palikuwa na neno tayari mdomoni, neno tamu, lenye mafuta. Akalimeza. "Papa Plamedi," akasema, "chakula kisipoe." Thierry akasogea kutoka ukutani, akanawa, akamega.

Tangu siku ile Léontine alikwenda kwa Solange asubuhi, mchana na jioni, na maziwa yakarudi yakakaa. Dunia haikupanuka. Ilikuwa darasa lilelile, uwanja uleule, chemchemi ileile, na mota ya Fuso iliendelea kuwashwa na kuzimwa. Usiku wanawake walilala wakisikiliza upande wa mto. Lakini Thierry alianza kutoka kwenda uwanjani na vijana wa Radi, na kwa kuwa hakukuwa na la kufanya, vijana wa Espoir nao walikuja, na kitindamimba wa Solange alimpigia mashuti mpaka jua lilipozama. Mengi yaliingia. Machache hayakuingia.

Halafu asubuhi moja dereva aliwasha mota, na haikuzimwa. Wanawake waliinua vichwa, wakangoja. Bado ilikuwa inanguruma. Papa Léopold akaingia akipiga makofi: barabara imefunguliwa, twende kabla haijabadili mawazo. Léontine alikimbia kwanza kwa Solange, akamnyonyesha Valérie mara ya mwisho, haraka haraka, akisikia honi. Walisema upande wa Masisi nao umefunguliwa, Gentille yuko njiani juu ya pikipiki. Léontine hakubaki kumwona. Aliitazama barabara ile ya Masisi mara moja tu, akamwombea mwanamke asiyemjua, akakimbilia Fuso.

Kule Kalembe, Mama Élisabeth alikuwa amekaa mlangoni na Plamedi mapajani. Léontine alinyoosha mikono. Mtoto akamtazama kama anavyotazamwa mgeni aliyekuja kuuliza njia, kisha akaficha uso katika kifua cha bibi yake.

Léontine akasogea. Alitaka kumnyakua. Mama Élisabeth akamshika kiwiko.

"Kaa chini," akasema. "Usimukimbize. Kaa tu."

Akakaa kwenye mkeka, vumbi la njia lingali usoni, akafungua blauzi, akangoja. Maziwa yalikuwa yameshashuka yenyewe; tone likaanguka juu ya mkono wa Plamedi. Mtoto akalitazama. Akalilamba. Akamtazama mama yake mara ya pili, kwa muda, na kitu fulani nyuma ya yale macho kikafungua komeo. Alipokuja, alikuja kwa hasira, akashika, akang'ata, na Léontine akapiga kelele: jino lilikuwa limeota yeye akiwa hayupo. Kidole chake kikakamatwa, kikakunjwa. Mama Élisabeth aliingia ndani akidai kwamba chungu kinaungua, wakati jikoni hakukuwa na moto.

Marudiano yalichezwa chini ya anga la kijivu. Nyimbo za Radi zilianzishwa na Mapendo, msichana mwenye moyo mkubwa na sauti ya msumeno, na matusi yake yalifika ng'ambo yamechoka. Léontine alisimama mstari wa mbele, Plamedi mgongoni, midomo imefungwa. Alikuwa amezoea kuimba mpaka asione mechi. Sasa alilazimika kuitazama yote, kila pasi, na ilikuwa kama kufungwa kamba mikono huku nyumba yako inavuja. Upande wa pili, chini ya kitambaa cha njano, Solange alikuwa amefungwa kamba ileile.

Radi ilihitaji magoli matatu na haikupata hata moja. Lakini karibu na mwisho mfungaji wa Espoir alipenya, akapiga chini chini, katikati ya miguu, palepale pa siku ile. Thierry alibana magoti. Mpira ukagonga, ukamchanganya, yeye akateleza, akaanguka juu yake na kuukalia, mikono imetandazwa pembeni, macho yanazunguka kuutafuta, hajui kwamba amekaa juu yake kama kuku anayelalia mayai.

Mashabiki wa Nyabiondo wakageuka kwa pamoja kumtazama Solange. Wimbo ulikuwa umekaa pale, wa bure, haujapata kutokea wimbo uliostahili vile. Solange alishindilia ncha ya kitenge mdomoni. Mabega yalimtikisika, machozi yakamtiririka, na hakutoa sauti. Ng'ambo, Léontine alimwona, akainama akicheka mpaka Plamedi mgongoni akaanza kucheka pia bila kujua sababu. Thierry akaupata mpira chini yake, akasimama, akawatazama wanawake wale wawili, na yeye mwenyewe akacheka, golikipa wa timu iliyotolewa, tope mpaka masikioni.

Kisha ikawa zamu ya Kalembe kulisha wageni. Papa Léopold alikuja jikoni akiwa mwenye huzuni na mzaha kwa pamoja.

"Sifuri kwa sifuri, Mama Plamedi. Kwa hesabu ya Nyabiondo, hawa banakula nini?"

Léontine alikuwa anasonga bugali, donge moja kubwa kwa kila beseni, analainisha juu kwa kiganja chenye maji. Alipobeba ya kwanza na kutoka nje, Fuso ya Nyabiondo ilikuwa imeegeshwa imeelekea barabarani, tayari. Wageni walikuwa wanashuka kunawa: Solange, na kando yake mwanamke kijana mwenye macho yaleyale, Gentille bila shaka, na nyuma yao wanawake wengine wengi, wote wakitupia jicho upande wa mto kila wanapopiga hatua. Valérie alikuwa mgongoni kwa mama yake. Léontine akawatazama mmoja mmoja, vitenge vilivyofungwa kwa nguvu, visigino vidogo vikining'inia kila upande. Safari hii hakuna aliyemwacha mtoto nyumbani.